Michezo ya Kioo na Adabu ya Zamu

Kila zama huja na michezo yake, na kila mtu aliyevuka utoto huamini kwamba michezo ya zama zake ndiyo iliyokuwa bora kuliko yote. Babu zetu waliocheza bao chini ya mti walitutazama sisi kwa huruma tulipojifungia vyumbani mbele ya televisheni. Nasi leo twawatazama wadogo zetu, kila mmoja ameinamia simu yake, kwa huruma ile ile. Huruma hii ni tamu, lakini haina mizani. Mtu akumbukapo mchezo wa utotoni hukumbuka pamoja nao magoti yasiyouma, mchana usioisha, na mama aliyekuwa akipika jikoni. Kisha husifu mchezo, kumbe anachosifu ni uji.

Kwa sababu hiyo, katika likizo moja ya Desemba, niliazimu kuipima kumbukumbu yangu. Nilikwenda kwa wauzaji wa vyombo vya mitumba hapa Eldoret, nikanunua mashine kuukuu ya michezo ya video, kaseti nne, na televisheni ya zamani yenye kisogo kikubwa ambayo mwenyewe alifurahi kuiona ikiondoka. Nilitaka kujua jambo moja: je, michezo tuliyoipenda ilikuwa mizuri kweli, ama sisi tu ndio tuliokuwa wadogo? Nawaandikia nyinyi wanafunzi majibu niliyoyapata, maana ipo siku nanyi mtakumbuka michezo yenu, na itawafaa kujua namna ya kukumbuka bila kujidanganya.

Yafaa kwanza kueleza nasaba ya mashine hizi. Kampuni ya Nintendo ilianzishwa katika mji wa Kyoto, Japani, mwaka 1889, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza karata za kuchezea. Tarehe 15 Julai 1983 kampuni hiyo ilianza kuuza mashine iliyoitwa Family Computer, kwa ufupi Famicom, ambayo iliunganishwa na televisheni ya nyumbani. Hata hivyo, mashine zilizotufikia sisi katika miaka ya 1990 na 2000 hazikutoka kwa Nintendo. Zilikuwa za kuiga, zilizoundwa katika viwanda vya Taiwan, Hong Kong na Uchina. Nyepesi kama kopo tupu, na bei yake nafuu. Kaseti zake ziliandikwa kwa majivuno makubwa kwamba zina michezo 9,999,999. Mtoto mwenye subira ya kuhesabu alikuta michezo minane au kumi tu, iliyorudiwa mara nyingi chini ya majina tofauti. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapo ndipo wengi wetu tulipojifunza, kabla ya kufundishwa na mwalimu yeyote wa biashara, kwamba maneno ya juu ya kifuniko si lazima yawe mambo ya ndani.

Mimi nilikutana na mashine ya namna hiyo katika mtaa wa Langas, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mama mmoja aliyekuwa na duka la mkate, sukari na mafuta ya taa alitenga chumba cha nyuma, akaweka televisheni moja, mashine moja na mabenchi mawili. Shilingi tano zilimpa mtoto roho tatu. Roho zikiisha, hata kama ni katika dakika ya kwanza, aliinuka. Mama yule hakujua kucheza mchezo hata mmoja, wala hakutaka kujua. Lakini alikuwa na kibao na kipande cha chaki, na juu ya kibao kile aliandika majina yetu kwa mfuatano wa kuingia. Aliyefika kwanza alicheza kwanza. Mwanawe mwenyewe alipochelewa aliandikwa chini ya watoto wa watu. Majina yale yalitoka pande zote za Kenya, kwa kuwa Langas ni mtaa wa watu waliotoka pande zote, na kila jina lilifutwa kwa kidole kile kile zamu yake ilipokwisha.

Sasa na tuipime michezo yenyewe, mmoja baada ya mwingine.

Wa kwanza ni ule wa matofali yaangukayo, ambao wengi wetu tuliujua kwanza katika kimashine kidogo cha mkononi kilichotumia betri. Asili yake ni mchezo uitwao Tetris, alioubuni Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984. Vipande vya maumbo saba, kila kimoja chenye miraba minne, huteremka kutoka juu. Mchezaji huvigeuza na kuvipanga, na mstari ukijaa hutoweka. Ni hayo tu. Hakuna mfalme wa kuokolewa wala adui wa kuuawa. Nilipoucheza tena niliona kwamba haukupungua thamani hata chembe. Hauna picha ya kuchakaa, hauna hadithi ya kupitwa na wakati. Mnamo Desemba 2023 mvulana wa Marekani mwenye umri wa miaka 13 aliucheza mchezo huu, katika kaseti iliyotolewa mwaka 1989, akaufikisha mahali ambapo mashine yenyewe ilishindwa kuendelea ikaganda. Kwa miaka 34 hakuna binadamu aliyejulikana kuufikisha hapo. Mchezo unaoweza kumsubiri mshindi wake kwa muda huo, tena mshindi ambaye alikuwa hajazaliwa ulipotengenezwa, haustahili kuitwa mchezo wa zamani.

Wa pili ni Super Mario Bros., uliotolewa mwaka 1985 chini ya uongozi wa Shigeru Miyamoto. Fundi wa bomba mwenye masharubu hukimbia kutoka kushoto kwenda kulia, akiruka mashimo na maadui, katika hatua 32. Mchezo mzima ulitoshea katika kilobaiti 40. Picha moja unayoipiga kwa simu leo huchukua nafasi mara nyingi zaidi ya hiyo. Ufukara huo uliwalazimisha wasanii kuwa werevu. Tazama kwa makini, utaona kwamba wingu lililo angani na kichaka kilicho ardhini ni mchoro mmoja, uliobadilishwa rangi tu. Utotoni sikuliona hilo. Nililiona utu uzimani, na heshima yangu kwa watu wale ikazidi. Kama mwalimu, nilitambua jambo jingine pia. Mchezo hauna ukurasa wa maelezo hata mmoja. Unapoanza, adui mmoja mdogo anakujia taratibu. Usiporuka, unakufa, na unarudi hapo hapo pasipo kupoteza kitu kikubwa. Ukiruka, umekwisha kujifunza somo la kwanza. Nimekaa chuo cha ualimu nikifundishwa namna ya kuandaa somo, na nakiri kwamba masomo yaliyopangwa vizuri kuliko hatua ile ya kwanza ni machache. Huo nao umepita mtihani.

Wa tatu, Duck Hunt wa mwaka 1984, haukupita. Huu ni mchezo wa kuwinda bata kwa bunduki ya plastiki, na utotoni tuliuona kuwa muujiza. Muujiza wenyewe unaelezeka. Ukivuta kifyatulio, kioo huwa cheusi kwa kufumba na kufumbua, kisha mahali alipo bata huonekana mraba mweupe. Bunduki haitoi kitu. Ina jicho la kupokea mwanga. Ikiuona mraba ule, imempata bata. Ufundi huo ulitegemea namna televisheni za kisogo zilivyochora picha, na kwa hiyo bunduki ile haifanyi kazi mbele ya televisheni bapa za siku hizi. Hiyo ndiyo sababu ya mimi kubeba mzigo wa kioo kizito. Lakini baada ya nusu saa nilichoka. Bata ni wale wale, na mbwa anayecheka ukikosa shabaha huchekesha mara tatu, si mara thelathini. Kilichotufurahisha zamani ni kelele za watoto kumi nyuma ya mgongo wa mpigaji. Ufundi nausifu; mchezo wenyewe nauacha.

Wa nne, Contra, nitaupitia kwa haraka. Askari wawili wanapigana na jeshi zima, na risasi moja humaliza roho. Ulikuwa mgumu mno mpaka iliposambaa siri ya kubonyeza vitufe kwa mfuatano fulani kabla ya kuanza, ili kupata roho 30 badala ya tatu. Siri hiyo ilibuniwa na Kazuhisa Hashimoto alipokuwa akitengeneza mchezo mwingine, Gradius, mwaka 1986, kwa kuwa yeye mwenyewe aliuona mgumu kuujaribu. Sisi hatukumjua Hashimoto. Siri ilifika Langas kinywa kwa kinywa, pasipo gazeti wala kitabu. Nilipoishika mashine tena baada ya miaka mingi, akili yangu ilikuwa imesahau mfuatano ule, ila vidole viliukumbuka. Na mchezo? Pamoja na siri ni matembezi. Bila siri ni adhabu.

Nimeuweka wa tano mwisho kwa kusudi. Unaitwa Battle City, nao ulitolewa na kampuni ya Namco mwaka 1985. Uwanja ni mdogo, umejaa kuta za matofali. Chini kabisa, katikati, ameketi tai ndani ya boma. Wachezaji wawili, kila mmoja na kifaru chake cha vita, kimoja cha manjano na kingine cha kijani, humlinda tai huyo dhidi ya vifaru 20 vya adui vinavyoteremka kwa mafungu. Picha zake ni duni kuliko za michezo yote niliyoitaja. Lakini sheria zake mbili zinastahili kutazamwa. Ya kwanza: ukimpiga mwenzako kwa bahati mbaya, hafi, huganda tu kwa muda, na wakati huo maadui wanakuja, nawe huna msaidizi. Ya pili: tai anaweza kuuawa na risasi ya adui, na anaweza kuuawa na risasi yako mwenyewe, na kwa namna zote mbili mchezo umekwisha kwenu nyote wawili.

Katika chumba kile nilikuwa na mwenzangu wa mchezo huu, mwana wa fundi wa cherehani. Yeye alikaa karibu na boma, mimi nilitoka kushambulia. Tulijua tabia za mikono yetu kama watu wanaotwanga katika kinu kimoja. Mchezo ule ulimruhusu mchezaji kujenga uwanja wake mwenyewe, nasi tulijenga wetu: mto wa maji upande wa kushoto, msitu upande wa kulia, na kuta za chuma pande zote za tai badala ya matofali. Mashine haikuwa na uwezo wa kuhifadhi. Umeme ukikatika, uwanja ulipotea, na siku ya pili tukaujenga upya kwa kumbukumbu, mmoja akimsahihisha mwingine. Yamkini tuliujenga mara hamsini. Majina yetu yalitaja makabila mawili mbalimbali, na twaapa kwamba tuliyajua makabila yetu. Lakini hatukuwa tumeambiwa bado kwamba jambo hilo lina uzito kuliko kifaru cha kijani.

Tuliambiwa mwisho wa mwaka 2007. Nyinyi mnaosoma haya mlikuwa hamjazaliwa, kwa hiyo nasema kwa ufupi. Uchaguzi ulifanywa tarehe 27 Desemba, na matokeo yake yakapingwa. Watu wazima walishindwa kukubaliana ni zamu ya nani kushika nchi. Katika machafuko yaliyofuata waliuawa watu zaidi ya 1,100 katika Kenya, na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Eldoret na viunga vyake viliumia sana. Uwanja wa maonyesho ya kilimo, ambako tulizoea kwenda kutazama ng'ombe wa maziwa na matrekta, uligeuka kambi ya maelfu ya watu. Fundi wa cherehani na jamaa yake walikuwa miongoni mwao. Niliwaona mara moja kutoka upande wa pili wa ua, na mwenzangu aliniinulia mkono. Baadaye waliondoka kwa lori. Mapatano ya viongozi yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008, lakini duka la Mama halikufunguliwa tena, na tangu wakati ule mwenzangu huyo sijamwona. Kila mmoja wetu hapa mjini ana mtu wa namna hiyo, na wengine wana kaburi. Msiba wangu ni mdogo kati ya hiyo. Nautaja kwa kuwa ni wangu.

Basi, nilipouweka mchezo huo katika mashine kuukuu, niliujenga uwanja wetu. Mto ulikaa mahali pake, msitu mahali pake, na chuma kikamzunguka tai. Kisha nikachagua wachezaji wawili, kwa mazoea tu. Kifaru changu cha manjano kikatoka. Kile cha kijani kikabaki kimesimama, hakina mwendeshaji. Maadui walikipiga roho ya kwanza, ya pili na ya tatu, kikatoweka. Nikaendelea kidogo peke yangu, nikaona kwamba mchezo ule, kwa mtu mmoja, si mchezo mkubwa. Hapo nilipata jibu la swali langu. Michezo mingine ilikuwa mizuri kweli, mingine ilikuwa ya kawaida tu. Lakini kitu nilichokuwa nikikitamani miaka yote hakikuwamo ndani ya kaseti yoyote. Kilikuwa benchi, kibao cha chaki, na mtu wa pembeni.

Jioni ile binti wa jirani, mwanafunzi wa kidato cha pili, alichungulia mlangoni akauliza, "Mwalimu, hicho cha kijani ni cha nani?" Nikamwambia ni chake. Alipiga kifaru changu kikaganda, akacheka; akampiga tai mwenyewe, akashangaa. Mara ya tatu alianza kuniambia, "Wewe nenda juu, mimi nitabaki." Kabla ya saa moja kupita walikuwapo watoto watano, na mzozo ukaanza juu ya nani afuate. Nikachukua karatasi, nikaandika majina. Niliona kwamba watoto hawa, ambao kila mmoja huchezea simu nyumbani pasipo kumsubiri mtu, walikuwa wageni kabisa wa jambo hili. Walinung'unika mwanzoni. Baadaye walianza kumfundisha aliyekuwa akicheza, kama tulivyofanya sisi, kwa sababu anayesubiri zamu hana kazi nyingine ila kutazama kwa makini, na anayetazama kwa makini hujifunza.

Sisemi kwamba simu ni adui. Hata sisi tulipoanza kushika simu za wazazi wetu tulicheza nyoka, mchezo ambao Nokia iliuweka katika simu tangu mwaka 1997, na tuliucheza peke yetu kwa furaha. Tena chumba cha Mama hakikuwa pepo. Wako waliotoroka shule kwa ajili yake, na wako waliotumia nauli wakarudi nyumbani kwa miguu. Ya kale yasiyochujwa hayana faida. Mtu mwenye busara hupepeta, akabakisha nafaka. Mimi nimepepeta, na nafaka niliyobakiwa nayo ni moja tu, nayo ni zamu.

Zamu ni kitu kidogo, lakini ndani yake mna mambo makubwa. Anayekubali zamu amekubali kwamba mwenziwe ana haki sawa na yake, hata kama hampendi. Amekubali kushindwa na kuinuka. Amekubali kwamba yupo wa kuandika orodha ambaye hana upendeleo, na ameamini kwamba jina lake litafikiwa. Imani hiyo ikivunjika, watu hawasubiri tena; hupokonya. Chumba kidogo cha Langas kilikuwa na imani hiyo kwa miaka mingi, wakati ambapo nchi nzima ilikuja kuikosa kwa miezi miwili.

Vijana wangu, katika shule zenu mnachagua viongozi wa wanafunzi. Mnapanga mstari kwenye bomba la maji na kwenye jiko. Mnagawana vitabu ambavyo havitoshi. Huko ndiko mahali pa kujizoeza, maana mtu hawezi kuanza kujifunza zamu siku atakayopiga kura akiwa na umri wa miaka 18. Mji wetu wa Eldoret ulipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, na tunajivunia majengo yake na wanariadha wake. Ningependa jiji hili lipimwe pia kwa kipimo cha yule mama wa duka: kwamba watu wenye majina ya kila namna waweza kuketi katika benchi moja, na jina likifikiwa, mwenye jina apishwe.